Mume Niliyemwita Ndugu

Mume wangu alikuwa fundi wa mashua. Rumonge nzima ilimwita Fundi, na mimi nilimwita hivyo hivyo hata baada ya kuolewa naye. Alikuwa Mnyamwezi, mtu wa maneno machache, mikono yake imejaa makovu ya tezo, kile kishoka cha kuchongea mbao. Aliletwa ziwani na Wajerumani walipotafuta maseremala, na kazi yao ilipokwisha hakurudi kwao. Alibaki akiwaundia Waswahili wa Rumonge mashua za kuvusha mawese na samaki wakavu.

Mimi pia sikuwa mtu wa Rumonge. Kwetu sikujui. Ninachokumbuka ni kutembea, na mgongo wa mwanamke mbele yangu, kisha ua mkubwa wa mapadri upande wa magharibi wa ziwa. Mapadri walituonea huruma, wakatununua kutoka kwa watu waliokuwa wakitupeleka kuuzwa, mimi na watoto wengine. Masista wakatulea. Walinifundisha kushona, kusoma na kusali, wakanibatiza na kunipa jina la mtakatifu. Lugha ya mama yangu ilinitoka kidogo kidogo mpaka ikaisha. Kilichobaki ni Kiswahili, na kila sala niliyoijua niliijua kwa Kiswahili.

Nilipokuwa msichana, Masista walinikabidhi kwa familia ya Kikristo iliyohamia Rumonge kufanya biashara. Rumonge hapakuwa na padri. Wale wa kwanza waliokuja zamani, kabla ya bendera ya Wajerumani, waliuawa, na wenzao wakaondoka. Aliyetutembelea alikuwa anashuka kutoka misheni ya milimani, na mvua zingeweza kupita, na kiangazi, na mvua tena, kabla hatujamwona. Familia ile iliposhindwa na biashara na kurudi ng'ambo ya ziwa, Fundi alikuwa ameshanichumbia.

Yeye alikuwa Mprotestanti, amebatizwa na wamisionari wa kwao Unyamwezi. Alitaka tufungiwe ndoa kwao, mama yake akiwapo. Basi tulipanda mashua kwenda kusini, kisha tukatembea mpaka kwao. Mchungaji wa pale aliniuliza kama nimebatizwa. Nikasema nimebatizwa na padri. Akauliza nilikuwa na umri gani, nikasema nilikuwa mdogo, sikumbuki vizuri. Akasema kwa upole kwamba huo haukuwa ubatizo, kwamba mtu huoshwa akijua anachofanya. Akanizamisha mtoni pamoja na wanawake wengine, na Jumapili iliyofuata akatuoza.

Hakuna aliyenilazimisha. Lakini pia hakuna aliyeniuliza kama nataka kuwaacha mapadri. Nilimtaka Fundi, na njia ya kwenda nyumbani kwa Fundi ilipita kwenye mto ule. Nilipotoka majini nilikuwa natetemeka kwa baridi, na mama mkwe alinifunika kwa nguo aliyokuwa amejifunga yeye mwenyewe begani. Mimi sikuwahi kuwa na mama. Nilimpenda siku hiyo hiyo.

Tuliporudi Rumonge tuliishi vizuri. Mimba zangu hazikukaa, lakini Fundi hakunisema kwa hilo wala hakuongeza mke. Jumapili alisoma kitabu chake kwa sauti na tuliimba nyimbo za kwao, sisi wawili tu, kwa sababu Mprotestanti mwingine hapakuwa. Majirani zetu Waislamu walituzoea. Tukiimba walipunguza kelele.

Ugonjwa wake ulianza na hasira. Mtu ambaye hakuwahi kuniinulia sauti alitupa chungu cha mboga nje kwa sababu imepoa. Kisha yakaja maumivu ya kichwa na homa za kwenda na kurudi. Kisha usingizi. Nilimpelekea chakula kazini nikamkuta ameketi juu ya ubao, tezo mkononi, kidevu kifuani, na watu wanampita wakigeuza macho. Walikuwa wameshajua. Malale ilikuwa imeingia pwani yote, kuanzia Muhuta kuja kwetu. Askari walikuwa wanawatoa watu kwa nguvu kwenda kufyeka vichaka vya ziwani kwa sababu ya mbung'o, na kuna vijiji vilivyohamishwa vyote, vikabaki miti ya nyumba tu.

Walipokuja kupima, msaidizi wa daktari alimpapasa Fundi shingoni, akazikuta tezi zimevimba. Alimsukuma taratibu upande wa waliokwisha kupangwa kwenda kambini. Nilimfuata na mkeka na sufuria.

Kambi ilikuwa safu za vibanda nje ya mji. Wake waliruhusiwa kukaa na kupika. Daktari alikuwa Mjerumani mrefu, mkali kwa wote na kwa msaidizi wake zaidi. Alimdunga Fundi sindano, akamdunga tena wiki zilizofuata, na kweli Fundi aliamka. Alianza kuongea, akaomba tezo yake, akawachongea wagonjwa wenzake miiko ya kupakulia. Nilimwona amepona. Niliwaambia wanawake wa kambini kwamba tutarudi nyumbani kabla ya mvua.

Asubuhi moja aliniuliza kwa nini nimewasha moto ndani.

"Sijawasha moto," nikamwambia.

"Moshi huu unatoka wapi?"

Hapakuwa na moshi. Nilipeleka mkono mbele ya uso wake, hakupepesa. Daktari alipokuja alimfunua kope, akatazama kwa muda, akajifuta mikono. Akasema kwa Kiswahili chake, "Sindano basi." Wengine walikuwa wamepofuka kabla yake kwa dawa ile ile. Hakuna aliyekuwa ametuambia. Na dawa ilipokatwa, usingizi ukarudi.

Kisha vita vya Wazungu vikaanza. Daktari aliondoka na askari, msaidizi akaondoka baada yake, na kambi ikabaki haina mwenyewe. Wagonjwa wenye ndugu walichukuliwa, wasio na ndugu walikaa pale pale mpaka wakafa. Nyumba yetu ya Rumonge ilikuwa imeshabomolewa na wafyeka vichaka. Mwenye mashua ambayo Fundi aliiacha nusu alitupa watu wa kumbeba kwa machela hadi Kizuka, mbali kidogo na ziwa, kwa mwanamke mjane aliyekuwa akimuuzia mawese. Mjane yule alitupa kibanda nyuma ya michikichi yake. Sijui kwa nini alikubali. Wengine wote walikataa.

Mjane alikuwa Mrundi, mtu mzima, na Mkatoliki. Alikuwa amebatizwa uzeeni kule misheni ya milimani, na jioni alisali rozari uani kwake, kwa Kirundi, na mwishoni alipenda kuongeza Salamu Maria ya Kiswahili aliyofundishwa na padri, nusu ya maneno ikiwa imepinda. Jioni moja nilikuwa namwosha Fundi miguu, mlango uko wazi, nikasikia ameanza. Mdomo wangu ukaitikia. Sikuamua. Nilikuwa nimeshafika "utuombee sisi wakosefu" ndipo nikagundua kwamba kule uani amenyamaza.

Akaja mlangoni. "Ni nani alikufundisha hiyo?"

"Masista. Ng'ambo."

"Basi uko wetu," akasema. Alisema kama mtu aliyeokota kitu chake njiani.

Sikulala vizuri siku zile, lakini si kwa sababu ya furaha. Tangu Fundi augue nilikuwa nimejaribu kuomba kama watu wa kwao wanavyoomba, kwa maneno yangu mwenyewe, na maneno yangu mwenyewe yalikuwa yamekwisha. Nilikuwa nakaa mbele ya Mungu kama bubu. Zile sala za Masista hazikunidai kitu, zilikuwa zimeshatengenezwa, ningeweza kuzishika hata nikiwa nimechoka hivyo. Nilizitaka. Nilitaka komunyo niliyopokea nikiwa msichana. Mjane alinieleza kwamba padri angepita Minago kabla ya mwezi kwisha, na kwamba yeye hawezi kunizuia wala kunisukuma.

Nilimwambia Fundi kwanza. Asubuhi zilikuwa saa zake nzuri.

"Fundi, nataka kurudi kwa mapadri."

Nilidhani amelala. "Na mimi?" akasema.

"Na wewe, ukitaka."

"Ngoja nipone. Tutaongea nikiwa na akili zangu."

Nikasema sawa. Nilisema sawa huku nikijua, na nadhani yeye pia alijua.

Padri alikuwa chini ya paa la nyasi pale Minago, ndevu zimejaa vumbi, viatu vimefunguka mdomo. Watu walimzunguka na shida za vita, mitumbwi yao iliyochukuliwa, vijana wao waliobebeshwa mizigo. Zamu yangu ilipofika nilimweleza yote, kuanzia ua wa Masista. Alinisikiliza bila kunikata. Aliponiuliza kama ule ubatizo wa mtoni niliutaka, nilimjibu kwamba nilimtaka mume. Akatabasamu kidogo, akashusha macho.

Alisema ubatizo ni mmoja, nao ni ule wa kwanza, hakuna mto unaoweza kuufuta. Alisema mlango uko wazi. Nitaungama, nitaikana ile dini nyingine mbele ya mashahidi, yeye ataomba ruhusa ya askofu ya kuniondolea adhabu ya kutengwa na Kanisa, kisha nitapokea komunyo. Nilianza kulia kwa jinsi ilivyosikika rahisi.

Ndipo akauliza, "Na huyo mume, mliozwa na nani?"

Nikamwambia.

Akafuta uso kwa kitambaa. "Mwanangu, wewe ulikuwa Mkatoliki. Ndoa ya Mkatoliki inafungwa mbele ya padri. Mbele ya Kanisa, wewe na yule mtu hamjaoana."

Nilimwambia kwamba tumekaa pamoja miaka mingi. Akasema anajua. Nilimwambia ni mgonjwa, haoni. Akasema dawa ya jambo hili si ngumu: Fundi akubali tufunge ndoa mbele yake, hata akibaki Mprotestanti ruhusa inaweza kutafutwa. Anachohitaji ni neno la Fundi tu. Angepita Kizuka mwenyewe kumuuliza.

Alikuja kweli. Alitembea juani kutoka Minago, akaketi kwenye mkeka karibu na Fundi, akamshika mkono. Mimi nilikuwa nimemwosha Fundi na kumvalisha, nimemnywesha uji ili asisinzie. Tangu alfajiri nilikuwa namwambia atakuja mgeni, atakuuliza jambo moja tu.

Padri akamuuliza polepole, kwa Kiswahili chepesi, kama anataka kumwoa mwanamke huyu mbele ya Mungu kwa kanuni ya Kanisa Katoliki.

Fundi aligeuza uso kuelekea sauti. Alifikiri. Nilimwona anafikiri, paji la uso limejikunja kama alipokuwa anapima ubao.

"Mbao bado mbichi," akasema. "Ukizipigilia sasa zitapasuka."

Padri akauliza tena. Fundi akarudia habari za mbao, akamwambia amwambie mwenye mashua asubiri. Mara ya tatu alikuwa amelala. Padri aliendelea kumshika mkono kwa muda, kisha akaniangalia, akatikisa kichwa. Neno hilo hakuweza kulichukua kuwa ndiyo. Nilimsihi. Nilimwambia angekubali kama angekuwa mzima. Akaniuliza kama Fundi aliwahi kusema hivyo kwa mdomo wake, na sikuweza kusema uongo kwa padri niliyetaka kuungama kwake. Fundi alichosema ni kwamba tungeongea akiwa na akili zake.

"Sheria si yangu," padri akasema. "Ingekuwa yangu ningeshafanya."

Nilikuwa na njia mbili. Ya kwanza ni kumwacha, na hiyo padri mwenyewe aliitaja kwa sauti ndogo na hakuirudia, kwa sababu alikuwa anamwona pale. Ya pili ni kubaki nikimuuguza, lakini niahidi kuishi naye kama ndugu. Nilimwambia tunaishi hivyo tangu augue, mtu wa malale hana zaidi. Akasema anaelewa, lakini Kizuka wote wanamjua kuwa ni mume wangu, na ili wasikwazike ni lazima niseme mbele ya mashahidi kwamba si mume.

Ruhusa ya askofu ilichelewa. Vita vilikuwa vimefunga njia, na ziwani meli za Wazungu zilikuwa zinawindana. Miezi ilipita nikiwa si wa huku wala wa kule. Mjane alisali, nami niliitikia, lakini padri alipopita na kutoa misa nilikaa nyuma kabisa. Fundi alizidiwa. Alikonda mpaka nilimgeuza peke yangu bila shida. Mjane alinisaidia kumlisha, akimwita "muzee" kwa upendo, ingawa hakuwa mzee.

Siku ruhusa ilipofika, padri aliona afadhali jambo lifanyike pale pale uani kwa mjane, kwa kuwa sikuweza kumwacha Fundi. Ilikuwa kabla ya adhuhuri. Meza ilikuwa kreti iliyofunikwa kitambaa cheupe. Mashahidi walikuwa mjane na mwalimu wa dini aliyefuatana na padri, mwanamume mpole aliyefiwa na mkewe. Majirani walisimama nje ya ua. Fundi nilikuwa nimemlaza kivulini kwenye ukuta wa nyumba, hatua chache tu kutoka nilipopiga magoti, usingizini kama kawaida.

Niliweka mkono juu ya Injili. Nikasema maneno ya kuikana dini ile, nikirudia baada ya padri kipande kwa kipande, na nilipofika hapo nilimwona moyoni mama mkwe wangu akiivua nguo yake begani kunifunika. Sikuweza kumweleza mtu. Nikaendelea. Kisha padri akauliza, kwa sauti ya kusikika hadi kwa waliosimama nje, "Huyu mwanamume unayeishi naye ni nani kwako?"

"Ni ndugu yangu," nikasema.

Ikasikika sauti kutoka ukutani.

"Ndugu yako yupi amekuja?"

Fundi alikuwa ameinua kichwa. Macho yake yalikuwa yananitafuta upande ambao siko. Hakuwa na hasira. Sauti ilikuwa ile ya zamani, safi, sauti ya mtu aliyetoka kazini akakuta viatu vya mgeni mlangoni.

Padri alikuwa ameshika kitabu, hafungui ukurasa.

"Wewe huna ndugu," Fundi akasema. "Una mimi."

Mjane aliinuka akaenda kumlaza. Nilitaka kwenda mimi, lakini mkono wangu ulikuwa bado juu ya Injili, na ibada ilikuwa katikati, na sikujua mtu anasimamaje hapo. Padri alinisubiri. Aliposema, "Tuendelee?" ilikuwa swali kweli, aliniachia. Nikaitikia kwa kichwa. Akaniondolea adhabu, akasema misa, nikapokea komunyo ile niliyokuwa naililia. Nilidhani ingekuwa na ladha ya utotoni. Ilikauka ulimini, nikaimeza kwa shida.

Wageni walipoondoka nilikwenda kukaa kwa Fundi. Nilimwambia ni mimi. Nilimweleza habari yote tangu mwanzo, kwa nini nilisema vile, kwamba ni maneno ya sheria tu, kwamba yeye ni mume wangu. Hapo hapo nikakumbuka kwamba hilo la mwisho nimetoka kuahidi nisiliseme. Hakujibu. Na hakusema nami tena mpaka alipokufa. Huenda ni ugonjwa uliomfunga mdomo, wengi wa malale huishia hivyo. Huenda ni mimi. Mjane alisema ni ugonjwa. Nilimuuliza mara nyingi mno, na kila mara alisema ni ugonjwa.

Alikufa mvua zikiwa zinakaribia kwisha. Mchungaji wa kwao alikuwa mbali, na vita katikati. Padri hakuwapo, na hata angekuwapo Fundi hakuwa wake wa kuzika. Waliokuja ni mabaharia wa Rumonge, Waislamu, na yule mwenye mashua mbele yao. Walichimba kaburi, wakambeba, wakaniuliza kwa adabu wasome nini. Niliwaambia kila mtu aombe kimya. Wanawake wao walinishika mikono wakinipa pole ya kufiwa na mume, mbele ya mjane, mbele ya majirani walionisikia uani. Niliitikia tu "asanteni", na wale wa Kizuka niliwajibu kwa Kirundi, "murakoze".

Padri alipopita tena nilimwomba misa ya Fundi. Akasema misa ya kutangazwa haruhusiwi kumtolea, lakini atamtaja moyoni, jina lake, kila anapotoa. Aliniuliza jina lenyewe. Nilimtajia lile la ubatizo, ambalo mimi sikuwa nimezoea kulitamka, akalirudia ili asilisahau. Naamini alifanya alivyosema. Alikuwa mtu mwema.

Nilibaki Kizuka kwa mjane, tukichemsha mawese pamoja. Wajerumani walikwenda zao, wakaja Wabelgiji, na malale ikaendelea kuchukua watu kama kawaida. Kila misa nilikuwapo. Sikuwahi kufikiria kuwaacha mapadri tena, na watu wakinisifia uaminifu huo sina la kuwaambia, kwa sababu sijui kama ni uaminifu au ni kwamba nilikuwa nimeshalipa nisichoweza kurudishiwa.

Mwaka uliofuata yule mwalimu wa dini aliyekuwa shahidi wangu alikuja kumwona mjane, wakaongea kwa muda uani. Kisha akaja kwangu, kofia mkononi. Alisema anatafuta mke Mkristo, na kwamba amemuuliza padri juu yangu, padri akamwambia hakuna kizuizi.

"Amesema hujawahi kuolewa," akaniambia. Alisema kwa nia njema, kama mtu anayeniletea habari ya kunifurahisha.

Chungu cha mawese kilikuwa kinakaribia kumwagika. Nilimwambia nimewahi kuolewa, na mume wangu amezikwa pale chini, karibu na njia. Alinitazama, akaitazama kofia yake. Nadhani alikuwa anakumbuka maneno aliyonisikia nikisema mkono wangu ukiwa juu ya Injili, na hakuwa mtu wa kunikumbusha. Akaniaga vizuri. Nikatoa kuni mbili motoni, nikaendelea kukoroga.